Ushauri: nawaelezaje wanafunzi kwamba mwezi ulivuruga vipimo vya LEP?

Mwl_Mikindani: Wakuu, habari za jioni. Nafundisha fizikia kidato cha sita hapa Mtwara. Juzi tulipima g (mchapuko wa mvutano wa dunia, unaojulikana kuwa 9.8 m/s²) kwa pendulamu: uzi wa sm 25, gololi ya chuma yenye kipenyo cha sm 2. Kijana mmoja akapata 9.4, akafuta kwa raba, akaandika 9.8. Imeniuma sana.

Nataka kumpa mfano wa LEP kule CERN, maabara ya fizikia ya chembe karibu na Geneva: mashine yenye umbo la pete ya kugonganisha elektroni na pozitroni, mzingo km 27, iliyofanya kazi 1989 hadi 2000. Wakipima tungamo la chembe Z, waliona nishati ya miale ya chembe inapanda na kushuka kwa kufuata mwezi. Hawakufuta kitu, walitafuta sababu. Ila darasa linaniuliza: mwezi unavuta maji, mwamba nao unavutwaje? Na pete kutanuka milimita moja tu kuna shida gani?

Mchokoa_Pweza: Mwalimu, wapeleke ufukweni siku ya bamvua, maji yakipwa na ngalawa zimelala mchangani. Mvuto uleule haubagui mwamba. Ardhi ya Geneva hupanda hadi sm 25 hivi, ila nyumba na miti vinapanda pamoja nayo, ndiyo maana hakuna anayeona.

Lindi_Mjini: Hiyo milimita usiipite haraka, mkuu. Urefu wa njia ya chembe unashikiliwa na masafa ya mawimbi ya redio, haubadiliki. Kinachosogea ni sumaku. Pete ikitanuka, chembe hazipiti tena katikati ya sumaku, na nishati ya kila mwale inayumba hadi MeV 10 hivi (MeV ni kizio cha nishati ya chembe, hutumika pia kwa tungamo). Jibu lao la mwisho la tungamo la Z ni MeV 91,187.6, kosa 2.1 tu! Bila kuusahihisha mwezi wasingefika hapo.

Korosho_Newala: Na treni pia. Mwaka 1995 waligundua umeme unaovuja kwenye reli unapita kwenye bomba la mashine na kugusa sumaku. Usiku wa manane treni zikilala, panatulia.

Halafu Mwalimu, huyo kijana alipima uzi hadi wapi? Akiishia juu ya gololi, urefu halisi ni sm 26, na 9.8 × 25/26 ni 9.42.

Mwl_Mikindani: Nimetoka kumuuliza sasa hivi. Alipima hadi kwenye fundo. Ahsanteni sana ndugu zangu, kesho naanza na gololi, mwezi utafuata.