"Sorry" yako ilishawahi kukuponza? Tupeane uzoefu

Mama Shifti
Wakuu, habari za leo. Naanza mimi. Natunza wazee huku Uingereza, mwaka wa tatu sasa. Wiki yangu ya kwanza, dada mmoja wa zamu yetu alijikwaa kwenye ngazi, chai yote ikamwagikia sketi yake. Mimi nilikuwa kule mwisho wa korido, ila mdomo ukawahi: "Sorry, sorry!" Akaniangalia huku anajifuta: "Why? It wasn't you." Nikaduwaa. Moyoni nilikuwa nampa pole. Yeye alichosikia ni "nisamehe, nimekumwagia".

Haijaisha. Kuna bibi mmoja, kila nikimsemesha ananiambia "Sorry?" Nami kwa adabu zote namjibu, "It's okay, no problem." Siku nne tumekwenda hivyo. Kumbe bibi wa watu hasikii vizuri, anataka nirudie! Sauti ikipanda mwishoni, hiyo ni "ati?", si samahani.

Sasa hivi nina ukurasa mzima kwenye daftari. Mtu kaumia, naanza na "Are you all right?" Nataka kupita, "Excuse me." Nimekosa kweli, "I'm so sorry, my fault." Barua kwa meneja, "I apologise." Karibuni na yenu.

Dereva wa Mbuga
Umenigusa. Mgeni wangu begi lake lilipotea huko alikobadilishia ndege, hata Tanzania hajafika. Nampokea, nikasema "We are very sorry for your bag." Jioni ofisini ikaingia barua pepe: kwa kuwa kampuni imekiri, ilipe. Bosi alinikalisha kitako. Tangu siku ile nasema "I'm sorry to hear that." Hayo maneno matatu ya mwisho ndiyo yanautua mzigo, maana nasikitika kusikia, sijasema nimefanya. "I apologise" nimeiweka akiba kwa siku gari letu limechelewa.

Msee wa Ronga
Huku Nairobi hatuna hiyo shida, sorry ni pole na pole ni sorry. Dereva akishika breki, mama aanguke na kiondo chake, matatu nzima ni "woiye, sorry!" Hakuna anayeuliza nani amekosa. Shida huanza ukipanda ndege.

Baridi Kali
Mimi niko Kanada, Ontario, na huku neno lenyewe ni kama chumvi. Nilimkanyaga mzee kwenye basi, akawa yeye wa kwanza kusema "sorry". Nikajua wananitania.

Baadaye nikagongana na gari jingine kwenye theluji. Nikashuka na "sorry" zangu kumi. Binamu yangu akanifokea kwenye simu kwamba nimeshajifunga, huyo jamaa atanipeleka mahakamani na neno langu mwenyewe. Kumbe hapa ipo sheria tangu 2009, na British Columbia walitangulia 2006: kwenye kesi ya madai, kuomba radhi hakuhesabiwi kuwa ni kukiri kosa. Yaani wabunge wamekaa kikao kwa ajili ya neno moja!

Kalamu Nyekundu
Basi mimi natafsiri habari, na hilo neno nimelitafuta nikalikosa. Oktoba 31, 2023, Mfalme Charles yuko Nairobi kwenye dhifa, anazungumzia ukatili waliofanyiwa Wakenya wakati wa ukoloni. Nikaandika chapuchapu, "Mfalme aomba radhi". Mhariri akafuta: "Nionyeshe alipoomba." Nikaisoma hotuba mara tatu. Kuna "sorrow", kuna "deepest regret", kuna kukubali kwamba kisingizio hakipo. "Sorry" haimo, "apologise" haimo. Ni ileile njia ya 2013, William Hague, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza wakati huo, alipotangaza bungeni London makubaliano ya pauni milioni 19.9, gharama zikiwemo, kwa madai ya Wakenya 5,228 wa enzi ya Mau Mau. Pale nako serikali yake "inasikitika kwa dhati".

Ujanja wa "regret" ni kwamba unasikitikia jambo lililotokea, kama unavyosikitikia mvua iliyoharibu harusi. Tukaandika "aeleza masikitiko".

Kesho yake, Novemba 1, Rais Steinmeier wa Ujerumani akasimama Songea akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu zetu kwenye Vita vya Maji Maji. Niliandika "aomba msamaha", na mhariri hakugusa hata nukta.

Binti wa Pangani
Hayo mazito. Mimi yangu ni ya msiba. Baba alipofariki, wenzangu wa kazini, wazungu watupu, walinitumia kadi nzuri: "Sorry for your loss." Nikaja nayo nyumbani, mama akataka kujua imeandikwa nini. Nami akili haikuwepo, nikamtafsiria neno kwa neno: "Poleni kwa hasara." Mama akanyanyua uso. "Hasara? Kwani baba yenu alikuwa duka?" Ndicho kicheko cha kwanza tulichocheka tangu mazishi. Mpaka leo jirani akipata msiba, mdogo wangu ananong'ona "poleni kwa hasara" na mimi natoka nje.

Ticha wa Kidato
Mwanafunzi wangu alipewa atafsiri "The house was in a sorry state." Akaandika: "Nyumba ilikuwa katika jimbo la samahani." Sikuweza kumnyima alama zote. Hapo neno maana yake ni hali mbaya, ya kusikitisha, wala hakuna anayeomba radhi.

Na kwa taarifa yenu, "sorry" haikuzaliwa na "sorrow", japo zinafanana kama mapacha. Asili yake ni neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya kuwa na maumivu, ukoo mmoja na "sore". Kwa hiyo Mama Shifti, ile "sorry" yako ya korido ilikuwa sahihi kabisa. Umechelewa tu kama miaka elfu moja.

Mama Shifti
@Ticha, kesho nampelekea huyo dada ushahidi!

Mpole wa Mbagala
Samahani wakuu, naingilia. "Pole na kazi" mnaisemaje huko? Nimeanza kwa mzungu mmoja juzi, kila nikimkuta ofisini naona aibu kupita kimya.

Mama Shifti
Bila samahani. Ila usithubutu kuitafsiri. Mimi nilimwambia meneja wangu "Sorry for the work." Akafunga mlango, akanivutia kiti, akaniuliza kama nataka kuacha kazi.

Mpole wa Mbagala
Duh. Mimi nimeshamwambia tangu asubuhi.