Nimemaliza kulipa mkopo wa gari: nataka logibuku yangu, si gari jingine

Ndugu zangu wa Malindi, Watamu na Mambrui, na yeyote mwingine aliyenunua gari kwa mkopo, naandika nikiwa na hasira, na sababu yake nitaieleza yote ili kila mmoja aipime mwenyewe. Mkopo wa Probox yangu niliumaliza mwisho wa Machi, na taarifa ya akaunti inaonyesha kwamba sidaiwi hata senti. Nilitarajia kupewa barua ya kuthibitisha hivyo, kisha jina la mkopeshaji liondolewe kwenye logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari. Badala yake nilipigiwa simu nikapongezwa kwa kuwa mteja mwema, nikaambiwa kwamba kwa wema huo nimeidhinishiwa gari jipya zaidi. Tangu hapo, kila nikiulizia logibuku naambiwa faili iko makao makuu, na kila nikiulizia hiyo faili naulizwa kama nimeshaamua kuhusu gari jipya. Jina la kampuni sitalitaja, kwa sababu nasikia mtindo huu si wa kampuni moja.

Kwa wasiojua utaratibu wetu wa Kenya, gari la mkopo huandikishwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwa majina mawili, la mnunuzi na la mkopeshaji, na haki ya mkopeshaji juu ya gari hilo huingizwa pia katika daftari la dhamana za mali inayohamishika lililowekwa na sheria ya mwaka 2017. Kulipa awamu ya mwisho hakufuti jina lake peke yake. Ni lazima yeye mwenyewe aachilie. Mpaka afanye hivyo, huwezi kuliuza gari kwa mtu uliyempata mwenyewe, wala kuliweka dhamana kwa mkopeshaji mwenye masharti nafuu, wala hata kumwandikisha mwanao. Njia pekee iliyobaki wazi ni ile ya kumrudishia yeye gari kwa bei aipendayo yeye, uongeze deni, uondoke na jingine. Hapo ndipo ninapokasirika. Mtu anakuja kukushauri kama ubadilishe gari au ubaki nalo, na huku amezikalia njia zako nyingine zote.

Afisa wao alikuja kulikagua gari nikiwa napakia mboga za kupeleka hoteli za Watamu. Hakuwasha injini, hakuuliza giaboksi inaingiaje, wala hakutaka kuliendesha hata hadi kona ya kwanza. Alifungua mlango wa nyuma, akapitisha kidole chini ya ukingo wake, kikatoka na kutu, akaninyooshea nikione. Kwa kutu ile ya kidoleni alisema gari litapokelewa kwa shilingi 550,000, na kwamba bei hiyo ni ya mwezi huu tu. Gari lipi la Malindi halina kutu? Tunaishi kwenye upepo wa chumvi mwaka mzima, na anayekopesha watu wa pwani alilijua hilo siku alipotoa pesa zake.

Gari wanaloniletea ni la shilingi 1,550,000, kwa hiyo ningebaki na deni la milioni moja kwa miaka 3, kwa riba waliyoiandika kuwa asilimia 15 kwa mwaka. Naomba muitazame vizuri riba hiyo. Wao wanaihesabu juu ya milioni nzima kila mwaka, hata baada ya mteja kulipa zaidi ya nusu, na hivyo riba inafika 450,000 na malipo ya kila mwezi yanakuwa kama 40,280. Asilimia 15 ile ile ikihesabiwa juu ya salio linalopungua, malipo ya mwezi yanakuwa kama 34,665, na riba yote haifiki 250,000. Tofauti ni zaidi ya laki mbili, na hesabu zote mbili zina asilimia 15. Nilipomwuliza afisa kwa nini wanatumia hesabu hiyo ya kwanza, alijibu kwamba nitaelezwa siku ya kutia sahihi. Ibara ya 46 ya Katiba yetu inampa mnunuzi haki ya kupata maelezo anayohitaji ili afaidike na kile anachonunua, na sioni namna maelezo yanayotolewa wakati kalamu iko mkononi yanavyoweza kutimiza haki hiyo.

Juu ya hayo kuna ada ya kushughulikia mkopo, kifaa cha kufuatilia gari, na bima kamili kwa muda wote wa deni. Gari lisilo na deni linaweza kutembea na bima ya mtu wa tatu, ambayo ndiyo sheria inayoilazimisha, na mwenyewe akaamua kama anataka zaidi.

Tena bei ya gari lolote lililoagizwa imebeba kodi. Tangu 2023 ushuru wa forodha ni asilimia 35 badala ya 25. Juu ya jumla ya thamani ya gari na ushuru huo huongezwa ushuru wa bidhaa, ambao ni asilimia 20 kwa injini isiyozidi cc 1500, kisha VAT ya asilimia 16 juu ya vyote. Gari lililothaminiwa na forodha kwa laki tano linafika 939,600 kabla ya ada nyingine za serikali na kabla ya faida ya muuzaji. Kodi hiyo kwa gari langu nilishailipa. Nikibadilisha bila sababu, nailipa upya, na hakuna atakayeihesabu ya kwanza atakapolitazama gari langu kwa kidole.

Jambo lililonichoma zaidi ni kuambiwa kwamba hata Ulaya watu hubadilisha gari kila baada ya miaka mitatu. Mkataba unaotumika sana Uingereza, uitwao PCP, haufanani na huu wetu. Kule mtu hulipa kila mwezi sehemu ya thamani inayopotea, na mwishoni bado linabaki fungu kubwa. Akitaka gari liwe lake analilipa, asipotaka anarudisha gari, au analitumia kuingia mkataba mwingine. Huyo anayo sababu ya kuamua upya, kwa kuwa gari halijawa lake. Mimi nimelipa bei yote na riba yote. Kunichukulia kama mtu aliyefika njia panda ni kunitoa kwenye mali yangu kwa maneno.

Sisemi kwamba gari halibadilishwi. Chesisi ikioza, gari hilo ni hatari na liondoke barabarani, na anayebeba watu ana wajibu mkubwa kuliko anayebeba mboga. Ndiyo maana nilimwita fundi, akaliinua, akagonga chesisi kwa nyundo kutoka mbele hadi nyuma, na mlio ulikuwa wa chuma kizima. Kilichoharibika ni ukingo wa mlango na kipande cha sakafu chini ya tairi la akiba. Kukata, kuchomelea na kupaka dawa ya kutu kote chini hakufiki malipo ya mwezi mmoja ya mkopo wao. Na anayeishi kwa biashara ya wageni anajua kwamba baada ya Pasaka hoteli nyingi hufungwa hadi Julai. Mkopo haufungwi, na 40,280 itadaiwa Mei kama ilivyodaiwa Desemba.

Kwa walio karibu kumaliza: ombeni taarifa ya salio kwa maandishi, ombeni barua ya kuachilia dhamana, na msijadili gari jingine wala kuruhusu ukaguzi mpaka jina lao litoke. Mkilitaka gari jingine baadaye, mtalitafuta mkiwa na logibuku mkononi na wanunuzi wa kuwashindanisha.

Mimi barua yangu ya madai nimeipeleka ofisini kwao, imegongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala ninayo. Nimeeleza humo kwamba sitachukua gari lao, na kwamba wasipoachilia dhamana malalamiko yataenda kwa wanaowasimamia. Waliomaliza mikopo yao na kuzungushwa hivi, andikeni hapa mlijibiwa nini na nani hatimaye aliwasaidia.