Je, Filamu Tangulizi Ina Haki ya Kufunua Kilichoachwa Gizani? Mjadala Kuhusu Prometheus

Ninaloliweka mbele ya wapenzi wenzangu wa hadithi za kisayansi ni swali moja: filamu inayorudi nyuma ya hadithi tuliyokwisha kuizoea ina haki ya kufunua jambo ambalo hadithi ile ya kwanza ililiacha gizani kwa makusudi? Nauliza kwa sababu ya Prometheus, filamu ya mwaka 2012 ambayo kwayo mwongozaji Ridley Scott alirejea katika ulimwengu wa Alien, filamu ya kutisha ya anga za juu aliyoufungulia ulimwengu huo mwenyewe mwaka 1979. Wapo wanaosema ni kazi bora iliyoonewa, na wapo wanaosema afadhali isingetengenezwa kabisa. Mimi nimeitazama mara nyingi na ninaipenda, lakini naamini ilitunyang'anya kitu kimoja ambacho hakikuwa na haja ya kuguswa.

Katika Alien, wafanyakazi watatu wa chombo cha mizigo wanaingia ndani ya chombo kigeni kilichotelekezwa, na humo wanaikuta maiti ya jitu lililoketi kwenye kiti chake, limekauka kama jiwe, mbavu zake zikiwa zimepasuka kuelekea nje. Jitu hilo lilibuniwa na H. R. Giger, msanii wa Uswisi, naye aliuunganisha mwili na kiti kiasi kwamba mtazamaji hawezi kusema kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Scott alitaka lionekane kubwa kuliko lilivyokuwa, hivyo aliwavalisha mavazi ya wanaanga watoto wadogo, wakiwemo wanawe mwenyewe, wakasimama kando yake mahali pa watu wazima. Hatuambiwi lilikuwa nani, lilitoka wapi, wala lilikuwa likielekea wapi. Tunaliona kwa muda mfupi tu, kisha hadithi inaendelea, na sisi tunabaki tukijua kwamba anga ina mambo yaliyotokea na kwisha zamani bila kutuhusu hata kidogo.

Prometheus ikaja kutuambia kwamba lile tulilolidhani kuwa mifupa ni vazi, na kwamba ndani ya vazi hilo yumo mtu mrefu, mweupe, mwenye uso kama wetu na vinasaba kama vyetu, tena ndiye chanzo cha uhai wetu. Mtu yuleyule aliyewatumia watoto kulikuza jitu mwaka 1979 ndiye aliyelipunguza miaka 33 baadaye. Najua utetezi uliopo: kwamba filamu hii inatokea kwenye mwezi wa LV-223 na si LV-426 wa Alien, kwa hiyo lile jitu la kitini, rubani wa kale, ni mwingine. Hoja hiyo ni ya kweli kwa upande wa ramani, lakini haisaidii, kwa kuwa vazi ni lile lile na kiti ni kile kile, na mtu akiirudia Alien leo hawezi tena kuitazama ile maiti bila kumwona binadamu ndani yake.

Lalamiko la pili hurudiwa sana, nami nalikubali kwa sehemu tu. Watu husema wanasayansi wa Prometheus ni wazembe kupita kiasi: Holloway, mmoja wa watafiti wa msafara, anavua helmeti ndani ya jengo lisilojulikana, mwanajiolojia aliyerusha vifaa vya kuchora ramani ndiye anayepotea njia, na mwanabiolojia anamnyooshea mkono kiumbe anayefanana na nyoka kana kwamba ni mnyama wa kufugwa. Watetezi hujibu kwamba hata Kane, mmoja wa wafanyakazi wa chombo katika Alien, aliinama juu ya yai la kiumbe asiyemjua. Ni kweli, lakini katika Alien uzembe ulikuwa na sheria iliyousimamia na mtu aliyeivunja: mwenzake Ripley alikataa kumfungulia mlango wa chombo kwa sababu ya kanuni za karantini, na Ash, afisa wa sayansi aliyeufungua, alikuwa na sababu yake ya siri. Katika Prometheus makosa mengi hayana sababu isipokuwa haja ya mwandishi kuwaua wahusika. Ila namtetea Vickers, msimamizi wa msafara kutoka kampuni iliyougharamia, ambaye alisimama mlangoni akamteketeza Holloway kwa moto badala ya kumruhusu aingie na ugonjwa wake. Ndiye pekee aliyeielewa hatari, na filamu haikumtendea haki baada ya hapo.

Sasa niseme ninachokipenda, kwani ndicho kinachoipa nguvu hoja yangu. David, roboti aliyeigizwa na Michael Fassbender, anatembea peke yake chomboni wengine wakiwa wamelala, akitazama Lawrence of Arabia, filamu ya mwaka 1962, na kuzipaka nywele zake rangi ili afanane na shujaa wake. Baadaye Holloway anamwambia kwamba binadamu walimuumba kwa sababu tu waliweza, na David anamuuliza angejisikiaje kama angepewa jibu hilo na muumba wake mwenyewe. Kisha tajiri Weyland, mzee aliyevuka anga ili aombe kuongezewa umri, anafika mbele ya muumba, mmoja wa wale watu warefu weupe. David anazungumza lugha ya kale bila tafsiri yoyote kwenye skrini, na muumba hajibu neno. Anamng'oa David kichwa na kumpiga Weyland nacho mpaka anakufa.

Hiyo ndiyo sehemu bora ya filamu nzima, na ni bora kwa sababu hatukuelezwa kitu. Ndivyo ilivyo pia mwanzoni, kwenye maporomoko ya Dettifoss nchini Iceland, ambapo kiumbe anakunywa kimiminika cheusi na mwili wake kuyeyukia majini bila sauti ya msimulizi. Filamu inasimama imara kila inaponyamaza na inayumba kila inapojieleza, na Alien: Covenant ya mwaka 2017 ilizidisha kosa hilo pale ilipomfanya David kuwa ndiye aliyemtengeneza yule mnyama wa kutisha anayewaua watu katika Alien.

Kwa hiyo nawauliza hasa wale wanaoitetea Prometheus bila masharti: ni jibu gani ndani yake ambalo, mtu akilirudisha katika Alien ya mwaka 1979, linaifanya ile maiti kitini itishe zaidi kuliko ilivyotisha tulipokuwa hatujui chochote? Nimelitafuta kwa kuzirudia filamu zote mbili, na sijalipata.