GDA EJ205, Nakuru: nitoe TD04 niweke 20G, au nichukue VF37?

Menengai_GDA
Wadau, hamjambo. Gari ni Impreza WRX GDA ya 2004, injini EJ205, gia tano za mkono. Turbo bado ni TD04 ya kiwanda, ekzosti ni inchi 3 kutoka turbo hadi nyuma, injekta na kompyuta havijaguswa. Nataka farasi 280 hadi 300 kwenye injini, na gari libaki la kila siku, tena linashuka Kisumu mara kwa mara kupitia Kericho. Nimeonyeshwa turbo mbili: TD05 20G mpya, na VF37 iliyotoka kwenye STI ya Japani. Muuzaji anadai zote zinaingia bila kukata kitu. Nichukue ipi, na nini kingine lazima kibadilike?

Boxa_Kisumu
Omera, hiyo VF37 iache. Si mbaya, ila haikutengenezewa injini yako. Ina njia mbili za moshi mdomoni, kwa hivyo inadai manifoldi yake, bomba lake la kupandisha moshi na daunpaipu yake (bomba la kutoa moshi baada ya turbo). Manifoldi hiyo nayo kwa kawaida inagongana na sampu yako ya oili (karai la chini ya injini), kwa hiyo ununue na sampu. Turbo ya bei poa inakuishia kuwa nusu ya injini.

20G ni kubwa mno kwa lita 2.0 na lengo la 300. Tafuta TD05 16G, au VF ya njia moja kama VF34 au VF39. Hizo zinakaa palipokuwa TD04. Na ikiwa imetumika, shika ncha ya shafti uitikise: kucheza kidogo kwa pembeni ni kawaida kwa turbo za beringi za kawaida, lakini ikicheza mbele na nyuma, mrudishie mwenyewe.

Section58_Turbo
16G naiunga mkono, ila sababu kubwa bado haijatajwa. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari. Presha ya hewa ya nje hapa ni kama bar 0.81. Kisumu ni 0.88 hivi, Mombasa 1.01. Geji ya busti (presha inayosukumwa na turbo) inakuonyesha tu kile kilichozidi hewa ya nje. Ukisoma bar 1.2 ukiwa Nakuru, ndani ya manifoldi mna bar 2.01, sawasawa na mtu wa Mombasa anayesoma 1.0. Lakini turbo yako imeizidisha hewa karibu mara 2.5 na yake mara 2 tu. Nyongeza hiyo inatoka kwa mzunguko wa shafti. TD04 ikilazimishwa 1.2 huku kwetu, hasa juu ya mizunguko 5,500, inapitiliza kasi yake, inatema hewa ya moto isiyoongeza nguvu, na beringi zinalipa.

Kwa hivyo una haki ya kutaka turbo kubwa kuliko mwenzako wa pwani. Lakini hewa hiyo hiyo nyepesi inamaanisha moshi mchache wa kuizungusha kabla haijashika. 20G kwenye lita 2.0 haijazi kabla ya mizunguko 4,000 hata kule chini. Hapa itachelewa zaidi, na ukiwa nyuma ya lori kwenye mpando wa Mau Summit ndipo utakapojua. 16G ndiyo saizi.

Kuna jambo moja la kumbana nalo atakayepanga kompyuta. Ndani ya kompyuta ya Subaru mna jedwali linaloshusha lengo la busti kadiri presha ya nje inavyoshuka. Kuna wapangaji wanaolijaza sifuri ili geji isome namba ile ile kila mahali. Usikubali. Barabara ya Eldoret pale Timboroa inapita mita 2,700, na kudai 1.2 huko ni kuizidisha hewa zaidi ya mara 2.6.

Gasketi_Mpya
Upande wa kufunga, kwa sababu turbo nyingi mpya hufia hapa.

Kabla ya kununua chochote pima kompresheni injini ikiwa moto. Namba za Nakuru zitakuwa chini ya za kitabu kwa takribani asilimia 20, hiyo ni hewa tu. Linganisha silinda kwa silinda. Tofauti isizidi asilimia 10. Ikizidi, pesa ya turbo ipeleke kwenye injini.

Angalia bomba la kupandisha moshi kutoka manifoldi hadi turbo. Nyingi za kiwanda zina katalitiki ndogo ndani. Ikivunjika, vipande vinaingia moja kwa moja kwenye feni ya turbo. Weka bomba tupu. Sensa ya joto la moshi iliyokuwa humo, usipoirudisha, weka rezista ya kilo-ohm 2.2 kwenye plagi yake ili taa ya injini isiwake.

Bomba la oili linaloingia: safisha au badilisha. Kama injini yako ina AVCS (mfumo wa kubadilisha muda wa valvu), fungua bolti za banjo ukatazame kichujio kidogo kama wavu. Kikijaa masizi turbo inakauka oili ukiwa huna habari. Bomba la kurudisha oili lishuke bila kupinda, na gasketi yake iwe ya karatasi au chuma. Silikoni hapo ni marufuku: inayobanwa kuelekea ndani inakatika na kuziba njia, kisha oili inapenya sili na gari linatoa moshi wa samawati, na muuzaji analaumiwa bure.

Gasketi za moshi ziwe mpya, za chuma za tabaka kadhaa. Nati za turbo kwenye bomba na daunpaipu ni Nm 35, na uzirudie baada ya injini kupata moto na kupoa. Stadi zilizoshika kutu zipulizie mafuta jana yake. Zikikatika, kutoboa ukiwa chini ya boneti ni adhabu.

Mpira wa kuvuta hewa unaopita chini ya manifoldi ya juu ndio watu wanaousahau. Wa zamani umepasuka mahali usipopaona, na hewa inayoingilia hapo sensa ya hewa haiihesabu.

Kabla ya kuwasha, mimina oili kidogo kwenye tundu la turbo, toa fyuzi ya pampu ya petroli, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Ndipo urudishe fyuzi. Iache iungurume bila kukanyaga, na utoe hewa kwenye maji.

Menengai_GDA
Asanteni wakuu. Basi ni 16G. Injekta zangu nadhani ni 440. Zitatosha nikiwa mpole? Na niipangie wapi, Nairobi?

Section58_Turbo
Hazitoshi. Nne za cc 440 kwa dakika zikifanya kazi asilimia 85 zinafikisha farasi 240 hadi 260. Chukua 565 pamoja na pampu ya lita 255 kwa saa. Kabla hujalipa hakikisha zako zinaingiza petroli kwa juu au kwa ubavu, hazibadilishani. Plagi ziwe baridi daraja moja, namba 7 ya NGK, pengo milimita 0.7.

Intakula (kipoza hewa ya turbo) ya WRX ni ndogo, ya STI inakaa bila shida nyingi. Chukua pia valvu ya kudhibiti busti yenye njia tatu.

Boxa_Kisumu
Nairobi ni sawa, kimo chake na chenu havipishani sana. Lakini ukishuka huku, hewa ni nzito zaidi na joto mara nyingi linafika 30. Injini inaingia safu za mzigo ambazo daino (mashine ya kupimia nguvu) ya Nairobi haikuzigusa, na kwenye safu hizo muda wa cheche ni wa kubahatisha, tena umetoka kwenye ramani ya Japani iliyopangiwa petroli ya oktane karibu 100. Super yetu haifiki hapo. Mwambie apunguze digrii mbili tatu za cheche kwenye safu za juu kuliko alizofika.

Siku ya kwanza iende na springi ya westigeti (mlango unaopitisha moshi pembeni ya turbo) peke yake, valvu ya busti ikiwa imezimwa. Rekodi mizunguko, mzigo, muda wa cheche, masahihisho ya detoneshoni (mlipuko usiotakiwa ndani ya silinda) na mchanganyiko wa hewa. Mzigo ukiwa kamili mchanganyiko uwe sehemu 11.0 hadi 11.3 za hewa kwa moja ya petroli. Ukiona kompyuta inarudisha nyuma muda wa cheche mara kwa mara mahali pale pale, usiongeze busti hata kidogo. Busti ikipanda yenyewe kupita springi, mlango wa westigeti ni mdogo kwa ekzosti yako ya inchi 3, utanuliwe kabla ya kuendelea.

Fanya hayo kwenye daino. Gia ya tatu hadi mizunguko 6,500 ni zaidi ya kilomita 120 kwa saa, na barabara ya Kericho ina tuktuk.

Gasketi_Mpya
Na hilo sanduku la gia tano: meno ya gia za chini ndiyo yanayovunjika kwanza. Mwambie mpangaji apunguze busti kabla ya mizunguko 3,500, na usiondoke taa za barabarani kwa kuachia klachi ghafla.