Moshi baridi kwenye jiko la choma la pipa: niunganishe vipi?

Mkaa_Mdogo:
Wadau, habari zenu. Nina jiko la choma la kawaida, lile la pipa la lita 200 lililopasuliwa katikati na kutiwa bawaba, na bomba la kutolea moshi liko upande wa kulia. Kwa nyama halina neno. Sasa nataka kulitumia kufukiza jibini, siagi, chumvi na baadaye samaki bila kuvipika. Kuweka makaa machache kwenye kona na kuyamwagia vumbi la mbao hakufai: themomita kwenye wavu inapanda hadi nyuzi 45 za Selsiasi na jibini linaanza kutoka jasho la mafuta.

Nafikiria moshi uzalishwe nje, pembeni, kisha uletwe kwa bomba. Chombo cha kufukizia kiwe cha nini na cha ukubwa gani? Bomba la inchi ngapi, urefu gani? Nahitaji pampu au moshi utapanda wenyewe? Na mbao zipi za hapa Nairobi zinafaa, maana peleti za kuagiza (punje za vumbi la mbao lililoshindiliwa) ni ghali.

FundiBati:
Pampu iache kwanza. Unahitaji debe, bomba la inchi nne na tofauti ya kimo, basi.

Tafuta debe la mraba la lita 20, la mafuta ya kupikia. Lilaze ubavu, toa upande wa kifuniko, uurudishe kwa bawaba mbili ndogo uwe mlango. Usitumie ndoo ya bati wala kipande cha mabati ya paa. Hivyo vimepakwa zinki, na zinki ikipata joto kali hutoa mvuke wenye sumu. Ukiamua kuundiwa sanduku na mafundi wa Kamukunji, waambie watumie bati jeusi lisilo na zinki wala rangi ndani.

Kwenye mlango toboa matundu matatu ya milimita 12, karibu na sakafu, na uyafunike kwa kipande cha bati kinachozunguka kwenye bolti moja. Hapo ndipo utaongozea hewa. Upande wa nyuma, juu kabisa, chora duara la inchi nne. Usilikate lote. Toboa katikati, ingiza mkasi wa bati, kata kutoka katikati hadi kwenye mstari, mikato minane au kumi, kisha kunja yale meno kuelekea nje. Umepata kola. Bomba linavikwa juu ya meno na kukazwa kwa klipu ya skurubu, hakuna haja ya kuchomelea.

Bomba ni lile la aluminiamu linalokunjika, la feni za jikoni, mita moja na nusu hadi mbili. Dukani utakuta aina mbili zinazofanana sana. Moja ni aluminiamu tupu: ukiikunja inabaki ilivyo. Nyingine ni karatasi ya aluminiamu juu ya plastiki, ina springi ya waya ndani, ukiiachia inaruka. Hiyo ya springi usiiguse. Urefu huo haupozi moshi tu. Sehemu kubwa ya majimaji machungu ya moshi hugandia kwenye kuta za bomba kabla ya kufika kwenye chakula, kwa hiyo usilifupishe hata kama themomita yako inasoma vizuri.

Debe likae sentimita 40 hivi chini ya tundu la kuingilia kwenye pipa, na bomba lipande mfululizo. Likilegea katikati, majimaji hutuama pale na moshi unakwama. Kwa kuwa bomba lako la kutolea liko kulia, toboa tundu la kuingilia upande wa kushoto, chini ya wavu. Na lile la kutolea liache wazi kabisa muda wote! Watu hulibana wakidhani wanatunza moshi. Moshi ukituama hudondosha lami juu ya chakula, na jibini litakuwa chungu kama shubiri.

Sasa trei, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Nunua wavu wa stenlesi wenye matundu ya milimita moja na nusu hivi. Kunja trei ya sentimita 20 kwa 15, kingo za sentimita 4, kisha ndani weka kuta tatu za wavu huohuo zinazoacha mwanya mwishoni kwa zamu, kushoto, kulia, kushoto. Unapata njia ya nyoka yenye upana wa sentimita 3.5 na kitu na urefu wa karibu sentimita 75. Vumbi la mbao linaungua taratibu kutoka mwanzo wa njia hadi mwisho. Trei iinuliwe kwa vipande viwili vya tofali ili hewa ipite chini yake.

Hilo la hewa msilidharau. Nairobi iko juu ya mita 1,600 na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 18. Vile virija vya matundu vinavyojazwa peleti, vinavyosifiwa na watu wa nchi za pwani huzimika huku kwa urahisi zaidi. Trei ya wavu iliyo wazi chini na juu haina shida hiyo.

Kuwasha: kishumaa kidogo chini ya kona ya mwanzo, dakika tano hadi kumi, mpaka uone kaa jekundu la ukubwa wa sarafu, kisha kitoe. Funga mlango. Ukiona moto unaruka kutoka njia moja kwenda ya pili, umejaza kupita kiasi. Vumbi liishie sentimita moja chini ya ukingo wa kuta. Ukiona unazimika katikati, ama vumbi lina unyevu ama umelishindilia. Moshi mzito mweupe usiopungua baada ya robo saa ni dalili ya hewa haba: fungua tundu moja zaidi. Unaotafuta ni mwembamba, unaoelekea rangi ya samawati.

Waya_na_Pampu:
Fundi amesema vizuri ila pampu ameionea. Kama huna nafasi ya mita mbili, pampu ya hewa ya tangi la samaki inafanya kazi safi. Ni hivi: kopo la stenlesi la lita moja na nusu au mbili lenye kifuniko. Ubavuni, karibu na juu, weka bomba fupi la stenlesi la robo tatu inchi linaloingia kwenye jiko. Upande wa pili, mkabala kabisa, pitisha kibomba cha shaba cha milimita 6 kivuke ndani ya kopo na ncha yake iingie sentimita mbili ndani ya lile bomba kubwa. Hewa inayotoka kwa kasi kwenye ncha ndiyo inayovuta moshi. Ncha ikiishia ndani ya kopo, hewa itapuliza makaa badala ya kuvuta moshi, na utapata moto. Kosa hilo ndilo linalofanya wengi waseme pampu haifai. Toboa tundu moja la milimita 8 chini ya kopo, hapo pia ndipo unapowashia.

Lile bomba fupi la stenlesi liinamie kopo kidogo ili lami irudi ndani badala ya kutiririkia kwenye jiko, na ulisugue kila baada ya kutumia. Kwenye kopo hutumii vumbi. Tumia vipande vya mti vya ukubwa wa ncha ya kidole, vumbi litajishindilia.

FundiBati:
Sikatai, lakini stima ikipotea? Moshi unarudi nyuma kwenye kibomba cha shaba mpaka kwenye mpira wa pampu. Atakayeenda njia hiyo aweke vali ya kuzuia kurudi, ile ndogo ya matangi ya samaki, na pampu ikae juu kuliko kopo, mahali pasiponyeshewa. Tena kopo liko karibu na jiko, kwa hiyo lami nyingi inaingia. Kwa jibini mimi nachagua bomba refu.

Mti_Mkavu:
Kuhusu mbao, huna haja ya peleti. Mpera, mwembe, mparachichi, mlimau na mchungwa zote hutoa moshi mzuri. Matawi ya mibuni yanayopogolewa mashambani Kiambu ni mazuri sana na ni magumu, yanaungua polepole. Maganda ya makadamia yaliyopondwa pia. Mzeituni mwitu, mutamaiyu kwa Wakikuyu na oloirien kwa Wamaasai, ndio unaofukizia vibuyu vya maziwa, na harufu yake ina nguvu. Changanya robo yake na robo tatu za mpera.

Usitumie mkaratusi, msonobari, saipresi wala mtarakwa, mafuta na utomvu wake huacha ladha ya dawa. Mwarobaini ni mchungu. Oleanda, ule mti wa maua unaopandwa kwenye nyua nyingi hapa mjini, una sumu hata kwenye moshi wake, kwa hiyo usiokote matawi usiyoyajua.

Na vumbi la bure la karakana za fanicha ni la bure kwa sababu. Limechanganyika na gundi ya plaiwudi na mbao zilizotiwa dawa, na baadhi ya dawa hizo zina arseniki. La msumeno wa mnyororo nalo limelowa oili ya mashine. Kata mwenyewe kwa msumeno wa mkono juu ya turubai. Lianike kwenye sinia siku mbili tatu za jua. Ukilifumbata kiganjani likabaki bonge, bado.

Jibini254:
Kabla hujaweka chakula, sugua pipa na uwashe moto mkali ndani saa nzima, siku moja kabla. Mafuta ya zamani ya nyama hayasumbui ukichoma, lakini kwenye moshi baridi harufu yake ya kuchacha inashika jibini moja kwa moja.

Anza na jibini na chumvi. Cheddar au Gouda, vipande vya gramu 200 hadi 250. Vitoe friji, vifute, viache wazi saa moja uso ukauke, maana unyevu ndio unaokamata uchungu. Saa mbili za moshi zinatosha mara ya kwanza. Kisha vifunge kwa karatasi ya kuokea siku moja, halafu plastiki ya kubana, friji wiki moja au mbili. Ukionja siku hiyohiyo utadhani umekula majivu, usitupe! Chumvi ya mawe itandaze isizidi sentimita moja na uikoroge kila saa. Siagi iwe kwenye sinia juu ya barafu.

Samaki ni suala lingine kabisa. Moshi huu haupiki wala hauui vijidudu, na chakula kinakaa saa nyingi katika joto wanalolipenda bakteria. Samaki wa kuliwa bila kupikwa lazima kwanza agandishwe nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba ili minyoo ife, na sehemu ya juu ya friji nyingi za nyumbani haifiki huko. Pima kwa themomita. Kisha chumvi, akauke kwenye friji usiku kucha mpaka uso unate kidogo, ndipo moshi. Baada ya hapo akae friji na aliwe ndani ya siku chache. Usimfunge kwenye mfuko ulioondolewa hewa ukamwacha nje: bakteria wa botulini wanastawi pasipo hewa. Wajawazito wasile samaki wa moshi baridi kabisa, kwa sababu ya bakteria wa listeria.

Kwa ngege au sangara ushauri wangu ni huu: mfukize baridi saa moja kwa ajili ya ladha, kisha washa makaa mara moja bila kumpumzisha na umalizie kwa moto, kiini kifike nyuzi 63 na kibaki hapo nusu saa. Nyama ya nguruwe inahitaji chumvi ya kuhifadhia yenye nitriti asilimia 6.25, gramu 2.5 kwa kilo moja ya nyama, kwa mizani ya kidijitali, si kwa kijiko. Nayo ipikwe kabla ya kuliwa.

Mkaa_Mdogo:
Asanteni sana, naenda na debe. Mawili tu: pipa langu ni jeusi na linapigwa jua kutwa. Na moshi unavuja kwenye bawaba, nizibe kwa silikoni?

FundiBati:
Usizibe. Mvujo mdogo hauna madhara mradi mwingi unatoka kwenye bomba la kutolea. Ukiona unatoka zaidi kwenye bawaba kuliko pale, basi bomba la kutolea ni jembamba au lina masizi.

Jua ndilo tatizo. Pipa jeusi mchana linaweza kupita nyuzi 40 bila moto wowote. Washa jua likizama, uendelee usiku. Juni hadi Agosti usiku wa Nairobi hushuka hadi karibu nyuzi 12 na hutahitaji kitu kingine. Januari hadi Machi weka chupa mbili za lita mbili zilizogandishwa kwenye sinia chini ya wavu, upande wa kuingilia moshi. Themomita ikae kwenye wavu, karibu na chakula. Ile ya kwenye kifuniko imetengenezwa kwa ajili ya kuchoma, kwenye joto dogo kama hili haiaminiki. Jibini lisipite 27, samaki 30. Joto likikaribia hapo, funga tundu moja la hewa kwanza kabla ya kuhangaika na barafu.

Na bomba la aluminiamu haliogesheki ndani, mikunjo inashika kila kitu. Likianza kudondosha maji meusi kwenye kola, toa, weka jipya.