Kiwanja cha watoto kinazungushiwa mabati, nyie mko kwenye grupu mnauliza kamati imekula shilingi ngapi

Wakuu, salaam. Mods naomba uzi huu msiuunganishe na zile nyuzi za foleni. Hizo ni za watu wanaolia na serikali. Mimi leo nalia na majirani zangu.

Ni katibu wa kamati ya wakazi kwenye mtaa mmoja huku Dar es Salaam, kati ya Sinza na Kijitonyama. Jina la mtaa silitaji, wanaonijua wameshanijua. Kamati si serikali ya mtaa, tuelewane hapo. Hatuna posho wala ofisi, na muhuri tulichongesha wenyewe Kariakoo, hadi leo tunabishana nani alilipa. Tuko watano: mwalimu mstaafu wa kike, mzee aliyefanya kazi reli, kijana wa bodaboda, mama ntilie wa pale kona, na mimi ninayeandika barua kwa sababu ndiye mwenye kompyuta. Miaka miwili sasa tunahangaika na eneo la wazi, magari na haya majengo yanayoota. Kwenye grupu la mtaa nikifungua mdomo naambiwa nina njaa, ndiyo maana nimekuja huku.

Wenyeji mnajua Sinza na Kijitonyama hazikujiotea kama uyoga. Zilipimwa miaka ya 1970 kwenye ule mradi wa viwanja vyenye huduma, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia. Viwanja vidogo lakini vimepangwa, barabara zina upana wake, na katikati ya nyumba pakaachwa nafasi watoto wapumue. Ya kwetu ina mwarobaini mmoja mkubwa, magoli mawili ya mabomba na benchi la zege ambalo wazee wanachezea bao. Mimi niling'oka jino pale nikiwa darasa la nne, nilikuwa golikipa.

Kuliwa kwake kulianza kistaarabu sana. Alikuja kijana wa kuosha magari, akaomba kona tu, "wazee wangu nami nijikimu." Tukasema mwacheni, riziki. Baada ya miezi michache kona ikawa na kibanda, kibanda kikawa na friji, friji likaleta viti vya plastiki na muziki mpaka saa nane usiku. Hakuna aliyesema kitu, maana wengine mlikuwa mnakunywa palepale kwa mkopo. Halafu mwezi wa nane yule wa bodaboda ananipigia: katibu, kuna watu wanapima. Nafika nakuta vigingi vimeshapigwa, kamba imevutwa kutoka goli hadi goli. Kumbe kuna karatasi inayosema pale ni kiwanja cha makazi na biashara. Kina namba. Kina mwenyewe.

Sasa sikilizeni hii. Kubadili matumizi ya ardhi si jambo la kuamka asubuhi ukabadili. Tuna Sheria ya Mipango Miji tangu 2007, na moja ya taratibu ni kutoa tangazo ili mwenye pingamizi alipeleke. Je, tangazo lilibandikwa? Lilibandikwa! Mzee wa reli ndiye aliyelivumbua. Karatasi moja ya A4 ndani ya mfuko wa nailoni, imepigiliwa kwenye mwarobaini, upande unaotazama ukuta wa nyumba ya nyuma. Kati ya mti na ukuta hapapiti hata mbuzi. Ilibidi mzee aingize mkono na simu, apige bila kuona anachopiga. Siku za kupinga zilikuwa zimekwisha wiki mbili nyuma. Picha ninayo, na kidole gumba chake kimetokea.

Tukaandika barua, nne. Zote zina muhuri wa "imepokelewa", na kupokelewa kweli zimepokelewa. Ofisi ya kwanza ikasema faili liko ofisi ya pili. Ya pili ikasema manispaa ilipogawanywa mafaili ya zamani yalibaki kule kwingine. Kule kwingine tukamkuta dada wa masjala, mpole kwa kweli, akatufungulia kabati tukaona mafaili yamefungwa kwa kamba za katani. Akasema, "Mkija na namba ya mchoro nitawatafutia." Namba ya mchoro iko kwenye faili. Faili linatafutwa kwa namba ya mchoro. Nilicheka mpaka mwalimu akanikanyaga mguu.

Kuhusu magari niwe mkweli, tulikosea. Tangu ujenzi wa njia za mabasi ya mwendokasi awamu ya nne uanze Barabara ya Bagamoyo na Sam Nujoma, kila mwenye gari kagundua vichochoro vyetu. Malori ya mchanga yanapita barabara ambayo watoto walikuwa wanaruka kamba. Tuliomba matuta kwa barua mwaka mzima, hakuna aliyekuja hata kutazama. Siku bodaboda ilipomgonga mtoto wa kidato cha kwanza, mguu ukavunjika mara mbili, tukachanga elfu tano tano, tukanunua saruji na kokoto, tukajenga matuta mawili usiku wa Jumamosi. Barabara si mali yetu, najua, na sheria hairuhusu mtu kujijengea. Na matuta yenyewe yalikuwa makubwa kupita kiasi, gari la mwalimu lilikuwa la kwanza kukwaruza tumbo. Yakavunjwa siku ya nne. Mwaka mzima wa barua hawakuiona barabara, siku nne wamefika na greda.

Ghorofa ya wageni inayotapisha chemba yake barabarani siizungumzii. Harufu mnaisikia wenyewe.

Sasa niwageukie nyie majirani zangu. Grupu lina watu 214. Mkutano uliotangazwa wiki mbili, saa kumi jioni, kivulini, walikuja tisa, na wawili kati yao walikuja kuulizia kama kuna soda. Usiku uleule kwenye grupu: "Kamati mmefikia wapi?" "Kamati kimya, wameshalambishwa." Mama ntilie, aliyefunga biashara siku tatu kuzunguka maofisini nasi, akaambiwa na mtu mwenye nyumba tatu kwamba anatafuta umaarufu. Kwa lipi jamani? Ili auze maandazi zaidi?

Tulisema tuchange tumlipe mpima atuonyeshe mipaka halisi. Ikapatikana elfu themanini na saba. Nikaweka hesabu yote wazi, nikapiga picha ukurasa wa daftari: nauli, kopi, bahasha, vocha. Ndani ya dakika tano mtu kajibu, "Kopi mbona nyingi?" Ndugu yangu, uliyeuliza hukuchanga. Jina lako halipo kwenye ukurasa huo uliokuwa unauchungulia.

Zamani nilidhani ni uvivu tu. Wapangaji wanasema mimi nitahama, wenye nyumba wengi wamehamia Goba na Madale wanasubiri kodi, nani aje kupigania mwarobaini? Lakini mzee wa reli alinichukua Jumapili moja tukatembea mtaa mzima, yeye anahesabu hatua kama alivyozoea kwenye reli. Barabara yetu kuna mahali imebaki nusu. Huyu kasogeza geti, yule kajenga fremu mbili za duka kwenye hifadhi ya barabara, mwingine kachimba shimo la choo nje ya ukuta wake halafu kapanda maua juu. Nikaelewa kwa nini hamji mkutanoni. Akija mpima na mchoro wa zamani, hataishia kwenye kiwanja cha watoto. Ataendelea kutembea. Kuna kuta zitapata alama ya X nyekundu, na wenye kuta hizo ndio mnaopiga kelele kuliko wote kwamba kamati haifanyi kazi.

Kwa hiyo mnatutaka tushinde, ila tusilete ramani. Tushinde na nini, na muhuri wa Kariakoo?

Mwenyekiti wetu wa serikali ya mtaa naye simsahau. Kwenye kampeni za uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 alisimama chini ya mwarobaini huohuo, akaupiga kofi shina akasema hapa hapaguswi. Sasa nikimpigia ananiambia jambo liko ngazi za juu. Na tafadhali asije mtu kuniambia "gombea wewe." Nimeshaambiwa na mke wangu, na alikuwa ananisema.

Mwalimu amejiuzulu juzi. Hakuandika barua ndefu, aliniletea tu daftari la mihtasari ya vikao likiwa limefungwa kwenye kanga, akasema, "Mwanangu, nimefundisha miaka thelathini na mbili, sijawahi kutukanwa na wanafunzi kiasi hiki." Nusu ya waliomtukana kweli aliwafundisha.

Ninachoomba humu ni vitu viwili, na matusi wekeni pembeni kidogo. Kama kuna mpima au afisa mipango miji mstaafu aliyewahi kushika michoro ya mradi ule wa miaka ya 1970, anielekeze nakala inapatikanaje kwa mtu asiye na namba. Na kama kuna mwanasheria: pingamizi likipita muda kwa sababu tangazo lilifichwa nyuma ya mti, kuna mlango umebaki au tumekwisha? PM iko wazi. Picha ya kidole gumba nitaituma.

Mchango wa mpima upo palepale kwa mama ntilie, elfu themanini na saba kasoro nauli. Anayetaka kuukagua apite anunue na chapati.

Mabati yameshashushwa, yamelazwa chini ya mwarobaini. Jana usiku nimeyahesabu kwa tochi ya simu, yako arobaini na sita. Mlinzi wao kanikaribisha nikae kwenye benchi, mtu mwema tu, akaniambia fundi anaanza Jumatatu.