Bweni la mbwa: ploti ya nyumbani Lang'ata, nyumba ya Ngong Road au shamba la Kiserian?

Kipepeo_wa_Langata
Wanajamvi, hamjambo. Kwa miaka minne nimekuwa nikikaa na mbwa wa marafiki wanaposafiri, na Desemba iliyopita niliwakataa watu kumi na mmoja kwa kukosa nafasi. Sasa nataka kufungua bweni la kweli: mbwa ishirini wa kulala, wengine wa kushinda mchana tu, na chumba cha paka kando. Kibali cha matumizi ya ardhi ndicho kinachoninyima usingizi.

Nina njia tatu. Ya kwanza ni ploti ya mama yangu hapa Lang'ata, Nairobi, nusu ekari, hati ya ukodishaji ya miaka 99, nayo inasema nyumba ya kuishi pekee. Ya pili ni nyumba ya zamani kando ya Ngong Road, ambayo mwenyewe anasema ina kibali cha biashara tayari. Ya tatu ni ekari mbili za kukodi huko Kiserian, shamba tupu. Moyo wangu uko Lang'ata, kwa sababu karibu wateja wangu wote wanaishi Lang'ata na Karen. Mngekuwa nyinyi mngeenda wapi?

Ramani_na_Rula
Kazi yangu ni mipango ya miji, kwa hiyo nianze na Lang'ata. Kwa sheria ya mipango ya mwaka 2019, kugeuza matumizi ya ploti kunahitaji idhini ya kaunti hata usipoongeza tofali moja. Ukianza bila idhini, faini inafika shilingi 500,000, au kifungo cha hadi miezi miwili, au vyote viwili.

Wengi hawajui kwamba kuna maombi ya aina mbili. Kuna kubadili matumizi, yaani ploti inaacha kuwa makazi. Na kuna kupanua matumizi: nyumba inabaki makazi, ila shughuli nyingine inaongezwa, kama wanaofungua chekechea nyumbani. Ikiwa mama ataendelea kuishi pale, omba kupanua. Majirani hawashtuki sana, na mtaa haupotezi nyumba.

Mpangaji aliyesajiliwa atakuandikia maelezo ya mradi. Utatangaza gazetini na kusimamisha bango langoni, na majirani watakuwa na siku 14 za kupinga kwa maandishi. Kaunti inatakiwa kujibu ndani ya siku 60, na sheria inasema ikikaa kimya ihesabiwe imekubali. Tafadhali dada, usiweke pesa juu ya ukimya huo. Jirani anaweza kuupinga, na hati ya mama bado itasema nyumba ya kuishi pekee. Sharti la hati linashughulikiwa kwenye ofisi za ardhi, njia nyingine kabisa na ile ya kaunti, na wateja wangu wengi hukwama hapo.

Jirani_wa_Karen
Niliishi miaka miwili ukuta kwa ukuta na bweni la mbwa. Sina chuki na mbwa, nina wawili. Mchana tulivumilia. Usiku, mbwa mmoja akibweka saa nane, wote wanaitikia, na mtoto wangu alikuwa na miezi mitano. Mwenye bweni alianza kwanza, akaomba kibali baadaye. Hakuwahi kubisha lango la mtu yeyote, tuliliona bango tu. Nyumba saba tukaandika kupinga, akanyimwa.

Nakuambia kwa dhati: angekuja tukaketi, akasema atachukua mbwa wa mchana pekee, ningetia sahihi kumuunga mkono.

Daktari_wa_Mifugo
Huyo jirani ana sheria upande wake. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaruhusu eneo la makazi desibeli 50 nje mchana na 35 usiku, na usiku kwa kanuni hizo unaanza baada ya saa mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Mbwa mmoja akibweka karibu nawe anapita 80 bila shida. Kwenye nusu ekari huna umbali wa kuipunguza sauti hiyo hadi ukuta wa jirani. Ukuta mrefu na miti husaidia kiasi, lakini mbwa ishirini kulala pale mimi siwezi kukutetea mbele ya kamati yoyote.

Jambo la pili ni maji machafu. Kama mko kwenye tangi la maji taka na si bomba kuu la maji taka, maji ya kuoshea mabanda yatalijaza upesi. Onyesha kwenye mchoro yanakwenda wapi. Onyesha pia chumba cha kutenga mgonjwa, chenye mlango wake, kwa sababu virusi vya parvo, vinavyowaharisha mbwa hadi kufa, hukaa kwenye udongo miezi mingi. Na mbwa asiye na cheti cha chanjo ya kichaa asivuke lango.

Kalamu_ya_Dagoretti
Ngong Road: omba nakala ya idhini yenyewe uisome. Leseni ya biashara ya kaunti si kibali cha matumizi ya ardhi. Na kama idhini ni ya ofisi, haibebi mbwa.

Mzee_wa_Kiserian
Binti yangu, huku nafasi ipo, lakini usidhani shamba halina masharti. Kukodi ardhi ya kilimo kunahitaji idhini ya bodi ya ardhi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu mkubaliane. Mkichelewa, makubaliano yanakuwa bure. Baada ya hapo bado utaomba kaunti ya Kajiado ibadili matumizi, kwa hiyo mwenye shamba lazima awe radhi kutia sahihi yake.

Weka fensi imara na paa la wavu kwenye mabanda. Chui anapenda sana mbwa, na fisi wako. Mbwa wa wachungaji hupita hapa kila siku na wengi hawajachanjwa, kwa hiyo fensi moja haitoshi, weka mbili zenye nafasi katikati. Maji ni ya kununua kwa lori miezi ya ukame. Barabara nayo: asubuhi utashuka Magadi Road bila msongamano, ila kurudi mjini kupitia Rongai kunachukua saa mbili nzima. Mteja wa mchana hatakuja. Wa kusafiri wiki mbili atakuja.

Kipepeo_wa_Langata
Mzee, shikamoo, na asante. Maneno yako ya mwisho pamoja na ya Jirani yamenifungua macho. Nilikuwa naiona biashara moja, kumbe ni mbili. Mchana nitaomba kupanua matumizi hapa kwa mama, mbwa kumi na wawili, saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Kulala kutasubiri Kiserian, na Ngong Road naiacha. Jumamosi nitazunguka kwa majirani wa pande zote kabla sijamlipa mpangaji hata senti. Saa na idadi niziseme kwa mdomo tu, au niziandike?

Ramani_na_Rula
Ziandike ndani ya maombi yenyewe. Kaunti ikikubali, ziwe masharti ya kibali, na jirani atakuwa na karatasi ya kushika. Nenda na mchoro mkononi, na uanze na nyumba iliyo nyuma ya mabanda.